Kufuli la kanda (michezo ya video)

Kufuli la kanda ni mpango unaowekwa na mtengenezaji wa konsoli ya michezo ya video ili konsoli iliyouzwa katika sehemu moja ya dunia isikubali michezo iliyotolewa kwa ajili ya sehemu nyingine. Kwa miaka mingi kanda kuu zilikuwa tatu: Japani, Amerika ya Kaskazini, na Ulaya pamoja na Australia. Mtu mwenye konsoli ya Ulaya aliyenunua mchezo wa Kijapani, hata kwa njia halali na kwa bei kamili, aliukuta haufunguki.

Wachezaji walivuka kufuli hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua konsoli na kubadili vifaa vyake, kwa mfano kulehemu chipu ya ziada. Ya pili, inayoelezwa zaidi katika makala hii, ni kutumia adapta, katriji au diski maalumu bila kugusa kitu chochote ndani ya konsoli.

== Sababu za kufuli ==

Makampuni yaliweka kufuli la kanda kwa sababu za kibiashara. Mchezo mmoja ulitoka kwa tarehe tofauti, bei tofauti na mara nyingine kupitia wasambazaji tofauti katika kila soko. Kufuli lilimzuia mnunuzi kuagiza nakala kutoka nchi ambako mchezo ulitangulia kutoka au uliuzwa kwa bei nafuu.

Kulikuwa pia na sababu ya kiufundi. Televisheni za Japani na Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, wenye picha 60 kwa sekunde, na zile za sehemu kubwa ya Ulaya zilitumia PAL, wenye picha 50. Michezo mingi iliyopelekwa Ulaya haikurekebishwa vizuri, hivyo ilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17 na kuacha mistari myeusi juu na chini ya picha. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wachezaji wa Ulaya kutafuta nakala za Marekani au Japani. Sababu nyingine ni kwamba michezo kadhaa haikufika kwao kabisa: *Chrono Trigger* ya mwaka 1995 haikuwahi kutolewa Ulaya kwa konsoli ya Super Nintendo.

== Namna kufuli linavyofanya kazi ==

Kufuli la kanda limechukua sura kadhaa:

* Umbo la katriji. Famicom, iliyotoka Japani mwaka 1983, ilitumia katriji zenye pini 60. NES, ambayo ni konsoli hiyohiyo katika umbo la Marekani na Ulaya, ilitumia pini 72. Super Famicom ya Japani na Super Nintendo ya Marekani zilitofautiana zaidi kwa umbo la katriji kuliko kwa vifaa vya ndani.
* Chipu ya ulinzi. NES ilikuwa na chipu moja ndani ya konsoli na nyingine ndani ya katriji. Chipu hizo zilipaswa kuelewana muda wote. Zisipoelewana, konsoli ilijizima na kujiwasha tena mfululizo. Ulaya ilipewa chipu tofauti na ya Marekani.
* Alama kwenye diski. Diski za PlayStation ya kwanza zilikuwa na alama ya kanda katika sehemu ambayo mashine za kawaida za kunakili CD hazikuweza kuiandika. Hivyo kufuli moja lilizuia kwa pamoja nakala haramu na michezo halali ya nje.
* Msimbo katika programu. Sega Saturn, Dreamcast, GameCube na Wii zilisoma msimbo wa kanda ulioandikwa kwenye diski na kuulinganisha na wa konsoli.

== Njia zisizobadili vifaa ==

=== Adapta za katriji ===

Adapta ya Famicom kwenda NES iliunganisha pini 60 na 72, lakini ilibidi pia iwe na chipu ya ulinzi, kwa kuwa katriji za Famicom hazikuwa nayo. Baadhi ya nakala za mwanzo za *Gyromite* za NES zilikuwa na bodi ya Famicom na adapta ya namna hiyo ndani yake, nazo hutafutwa hadi leo na wakusanyaji.

Kwa Super Nintendo ya Ulaya, adapta zilikuwa na nafasi ya katriji mbili: ya nje, iliyobeba mchezo, na ya kienyeji, ambayo kazi yake ilikuwa kuikopesha konsoli chipu inayokubalika. Baadaye michezo kadhaa ilianza kupima yenyewe kama konsoli ni ya picha 50 au 60 na kukataa kuendelea, hata kama adapta ilifaulu.

=== Kubadilisha diski ===

Katika matoleo ya mwanzo ya PlayStation, mchezaji alibana kitufe cha kifuniko ili konsoli idhani kimefungwa, akaanza kwa diski ya kanda yake, kisha akaweka ya nje baada ya alama kusomwa. Diski ilitolewa ikiwa bado inazunguka, hivyo njia hii iliweza kukwaruza diski na kuharibu mota. Matoleo ya baadaye yaliifanya kuwa ngumu zaidi.

=== Katriji na diski za kuanzishia ===

Kwa Sega Saturn, katriji ya Action Replay ilichomekwa katika nafasi iliyo nyuma ya kifuniko na kuruhusu michezo ya kanda nyingine. Kwa Dreamcast, diski za kuanzishia zilitumia MIL-CD, aina ya diski za muziki zenye programu ambazo konsoli hiyo ilikubali kuzisoma.

Mfano unaojulikana sana ni Freeloader ya kampuni ya Datel ya Uingereza, iliyotengenezwa kwa ajili ya GameCube bila leseni ya Nintendo. Mtumiaji aliweka diski ya Freeloader, akasubiri menyu, akaitoa, akaweka mchezo wa nje na kuuanzisha. Konsoli ilipozimwa ilirudi katika hali yake ya kawaida, kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa ndani yake.

Datel ilitoa pia Freeloader ya Wii. Hata hivyo Wii, tofauti na GameCube, ilipokea masasisho kupitia intaneti, na mwaka 2008 sasisho namba 3.3 la Nintendo liliizuia diski hiyo. Aliyeinunua kihalali alilazimika kuchagua kati ya sasisho na michezo yake ya nje. Tukio hilo linaonyesha udhaifu mkuu wa njia zinazotegemea programu: mtengenezaji anaweza kuzifunga baada ya kifaa kuuzwa.

== Matatizo yanayobaki ==

Kuvuka kufuli hakumalizi kila tatizo.

* Picha. Televisheni ya zamani ya PAL isiyopokea ishara ya NTSC huonyesha mchezo wa nje bila rangi au ikitetemeka.
* Umeme. Konsoli ya Japani hutumia volti 100 na ya Marekani volti 120. Mtu anayeleta konsoli ya zamani ya namna hiyo Tanzania au Kenya, ambako umeme ni wa volti 230 hadi 240, anahitaji transfoma ya kupunguza umeme. Akiichomeka moja kwa moja inaweza kuungua.
* Kumbukumbu. GameCube ya Japani na zile za kanda nyingine hupanga kadi ya kumbukumbu kwa namna tofauti. Kadi iliyopangwa upande mmoja huombwa ifutwe upande wa pili, hivyo mchezaji huhitaji kadi mbili.
* Lugha. Mchezo wa Kijapani hubaki wa Kijapani.

== Kampeni ya wachezaji ==

Mwaka 2011 wachezaji wa Amerika ya Kaskazini walianzisha kampeni ya Operation Rainfall wakiiomba Nintendo itoe michezo mitatu ya Wii: *Xenoblade Chronicles*, *The Last Story* na *Pandora's Tower*. *Xenoblade Chronicles* ilitolewa Ulaya kwa Kiingereza mwaka huohuo, lakini konsoli za Marekani hazikuweza kuisoma. Michezo yote mitatu ilitolewa Amerika ya Kaskazini kati ya 2012 na 2013.

== Sheria ==

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Nchini Marekani, sheria ya hakimiliki ya kidijiti ya mwaka 1998 inakataza kukwepa ulinzi unaodhibiti matumizi ya kazi ya sanaa. Nchini Australia, mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 2005, katika kesi ya Stevens dhidi ya Sony, kwamba kufuli la PlayStation halikuwa ulinzi wa hakimiliki kwa maana ya sheria ya wakati huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box, ilisema kwamba ulinzi wa aina hii lazima uwe na kiasi, na kwamba mahakama za nchi zitazame kifaa kinatumika kweli kwa kazi gani.

== Kupungua kwa makufuli ==

Konsoli za mkononi za Game Boy na Game Boy Advance hazikuwa na kufuli la kanda. PlayStation 3 ya mwaka 2006 iliacha karibu michezo yake yote huru; *Persona 4 Arena* ya mwaka 2012 ililalamikiwa sana kwa kwenda kinyume. Microsoft ilitangaza masharti ya kanda kwa Xbox One mwaka 2013, kisha ikayafuta mwaka huohuo baada ya malalamiko. Nintendo, iliyofunga 3DS mwaka 2011, iliacha Switch ya mwaka 2017 ikubali katriji za kanda zote.

Mipaka haijatoweka, ila imehamia kwenye akaunti. Kadi ya zawadi ya duka la mtandaoni hukubaliwa tu katika akaunti ya nchi yake, na nyongeza za mchezo mara nyingi hudai kanda ileile ya diski. Mwaka 2025 Nintendo iliuza nchini Japani aina ya Switch 2 ya lugha ya Kijapani pekee, inayokubali akaunti za Japani tu.

== Tazama pia ==

* Mchezo wa video
* Nintendo
* PlayStation
* Hakimiliki