Picha Iliyopotelea Njiani Kwenda Tarime

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek kutoka Frankfurt na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Filamu yao ilipata Oscar mwaka 1960, na tangu hapo kamera bora duniani hazijaacha kuwafuata nyumbu, hasa wanapovuka Mto Mara upande wa Kogatende. Lakini Mugumu na Tarime, miji iliyo jirani na wanyama hao, kwa miongo mingi ilipata picha zilizochoka kabla hazijafika.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo huku mikoani wengi walikutana na deki kabla ya kituo chochote cha televisheni. Jenereta lilinguruma nje, ndani mabenchi na TV ya chogo, na kanda ya VHS iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Ndivyo vilivyokuwa vibanda umiza.

Tatizo lilianzia kwenye kanda yenyewe. Picha ya mfumo wa PAL ina mistari 576 inayoonekana, lakini ukali wa VHS, ukipimwa kwa upana wa kioo, ni kama mistari 240 tu, rangi ikiwa hafifu zaidi. Ukinakili kanda, unapoteza kidogo; ukinakili nakala, unapoteza tena. Filamu zilizotafsiriwa kwa sauti ya Lufufu, mfasiri maarufu wa Dar es Salaam, zilipita hatua moja ya ziada: deki ya kuchezea, deki ya kurekodia, mikisa na maikrofoni. Watu walipata kisa kwa Kiswahili, tena kwa vichekesho vya mtafsiri, na gharama yake ikawa sura zenye ukungu. Sidhani kama kuna aliyelalamika.

Fundi naye alifanya alichoweza. Alifungua kifuniko cha deki, akachovya kitambaa laini kwenye spiriti, akakishikiza kwenye kichwa huku akikizungusha taratibu kwa kidole. Akisugua juu na chini, kichwa kinavunjika. Akifanya vizuri, chenga zinapungua. Ila ukungu uliorekodiwa ndani ya kanda haukutoka kwa spiriti.

VCD ilipoingia, chenga ziliondoka, vikaja vimraba. Santuri hiyo ina nukta 352 kwa 288, yaani karibu 101,000, wakati DVD inabeba 720 kwa 576, zaidi ya 414,000. DVD ingekuwa ukombozi kamili, lakini wafanyabiashara waligundua kwamba santuri moja ya gigabaiti 4.7 inaweza kubanwa filamu kumi na zaidi. Gawanya mwenyewe: kila filamu inabaki na megabaiti 470 au chini ya hapo. Moshi, maji na mbio za magari ndivyo vilivyoumia kwanza.

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa awamu. King'amuzi kikaingia sebuleni, TV bapa nyuma yake. Hapo ndipo aibu ya zamani ilipoonekana wazi, kwa sababu kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kinalazimika kuitandaza ile VCD mara ishirini ya ukubwa wake.

Kompyuta iliyounganishwa na TV kwa waya wa HDMI ndiyo fundi wa zama hizi, ikiwa na VLC, programu iliyozaliwa mikononi mwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996. Wengi hukimbilia kuongeza ukali wa picha, na matokeo yake ni mistari myeupe kuzunguka nyuso. Marekebisho yenye maana yamejificha kwingine. Mchezaji akikimbia na kuacha meno ya chanuo pembeni mwake, bonyeza herufi D ndani ya VLC: nusu mbili za picha zilizopigwa kwa kupishana zitaunganishwa. Picha ikisitasita kamera inapogeuka, weka kioo kwenye hertzi 50, maana PAL huonyesha picha 25 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 25. Nyeusi ikiwa kijivu, kompyuta na TV hazijakubaliana kiwango cha mwanga; badilisha mpangilio wa HDMI upande mmoja.

Kilichokatwa wakati wa kubana hakirudi, hata hivyo. Ndiyo maana Bongo Movie za miaka ya 2000 zinastahili kutafutwa upya: zile zilizopigwa kwa kamera za kanda ndogo za DV zilikuwa na nukta 720 kwa 576, mara nne ya VCD zilizouzwa madukani. Picha safi zaidi ya filamu hizo iko kwa watayarishaji, kama kanda mama hazijafutwa ili zirekodiwe harusi.