Ridhaa Tuko Nayo, Ruhusa Ndiyo Shida

Wasee, hebu fikiria hii barabara. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Kuna lami, magari si mengi ukilinganisha na Thika Road, na milima ya maana hakuna. Mtu wa baiskeli za mbio akiona hiyo barabara kwa ramani anaanza kutabasamu. Kwa nini basi hatusikii mbio za baiskeli za Kakuma na Lodwar?

Ukiuliza watu utaambiwa ni jua. Wengine watasema ni umaskini, au kwamba baiskeli ni ya watoto na ya kubebea maji. Mimi naona jibu liko kwa historia, na historia ya huu mchezo ina swali moja linalorudi kila mara: nani anaruhusiwa kutumia barabara?

Tuanze na neno lenyewe. Mchezaji asiyelipwa tunamwita mchezaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo wako, bila kusukumwa. Huyu ni mtu ana kazi yake, pengine ana watoto watatu, anaamka saa kumi usiku afanye mazoezi halafu arudi kabla hawajaamka kwenda shule. Hana mshahara wa baiskeli. Akishinda anapewa kikombe na picha. Sasa ukifuatilia historia utaona ni hawa watu waliobeba huu mchezo, na karibu kila mahali kuna mtu mkubwa alijaribu kuwafungia barabara.

Chukua Uingereza. Kuanzia miaka ya 1890, chama chao cha baiskeli kilipiga marufuku mbio za kundi kwenye barabara za umma. Waliogopa polisi na kelele za wenye nyadhifa. Wapenzi wa mchezo walifanya nini? Walikimbia kwa siri. Walitoka alfajiri, mmoja mmoja, wakishindana na saa, wamevaa nguo nyeusi za kuwafunika, na njia za mbio zikapewa majina ya fumbo ndio mtu wa nje asielewe. Hao walikuwa watu wa kawaida kabisa, wikendi peke yake ndiyo yao.

Hiyo ikaendelea karibu miaka 50. Halafu mwaka wa 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, jamaa anaitwa Percy Stallard akapanga mbio ya kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton, karibu kilomita 95. Alienda kwa polisi kwanza, na polisi wakakubali. Waliomkataa ni chama chake mwenyewe, wakamfungia. Lakini mbio ilifanyika tarehe 7 Juni, watu wakajaa kuangalia, na hakuna lililoharibika. Shika hiyo sehemu ya polisi, nitairudia.

Sasa njoo karibu na nyumbani. Eritrea ilikuwa koloni la Italia. Waitaliano walileta baiskeli na mbio Asmara, lakini katika miaka ya 1930 Mweritrea hakuruhusiwa kushindana nao. Wenyeji wakaanza mbio zao wenyewe. Mwaka wa 1939 ikapangwa mbio ya pamoja, bila shaka ili ionekane nani ni bora. Akashinda Ghebremariam Ghebru, Mweritrea. Ile hadithi ya kwamba Mwafrika hawezi ikakufa siku hiyo barabarani.

Kutoka hapo mchezo ukashika mizizi. Mwaka wa 1946 wakawa na mbio yao ya kuzunguka nchi. Mwaka wa 2015 Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya mfalme wa milima kwenye Tour de France. Mwaka wa 2024 Biniam Girmay akashinda hatua tatu za mashindano hayo na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Hivi vitu havikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu Asmara walikuwa wanakimbia kila Jumapili miaka na miaka, baba anampisha mtoto, kabla dunia ijue majina yao.

Na sisi? Kenya baiskeli iliingia kama chombo cha kazi. Unaijua Black Mamba: nzito, haina gia, breki zake ni za vyuma, inabeba gunia, inabeba jerikeni, inabeba mgonjwa. Huko Busia, mpakani na Uganda, kuanzia miaka ya 1960, vijana walibeba watu kwa baiskeli kuwavusha kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na hapo ndipo jina boda boda lilipozaliwa. Nduthi zilikuja baadaye sana na kurithi jina. Kwa hivyo tangu zamani baiskeli yetu ilikuwa na miguu yenye nguvu juu yake, ila hakuna aliyekuwa anapima saa.

Kaskazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Wakati wa mkoloni, wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande shingoni, na Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali. Serikali iliiona kama mahali pa kufichia watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na mwaka wa 1959 akahamishiwa hapa Lodwar. Ukichagua mahali pa kuweka mfungwa, unachagua mahali ambapo kutoka ni shida. Barabara ya lami kutoka Kitale ilikuja kwa msaada wa Norway miaka ya 1980, ikaachwa ikaoza, na kipande cha Lodwar kwenda Kakuma kimepata lami nzuri juzi tu. Usiulize basi kwa nini babu yako hakuwa na klabu ya baiskeli. Angekimbilia wapi?

Wakati huo, klabu iliyokuwa inaota ilikuwa Kikuyu, kijiji cha Mai-a-Ihii. David Kinjah alikuwa anakusanya vijana wa mtaa, anawafundisha kukimbia na kutengeneza baiskeli zao wenyewe. Kundi lake linaitwa Safari Simbaz. Hapo ndipo mama mmoja anaitwa Jane Froome alipompeleka kijana wake ajifunze. Mtoto huyo, Chris, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alivaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka wa 2006, kisha akageuka kukimbia chini ya bendera ya Uingereza na kushinda Tour de France mara nne. Watu hupenda kubishana kama huyo ni Mkenya ama la. Mimi nahesabu kitu kingine: mzazi alisema sawa, na mwalimu wa kujitolea akafungua mlango.

Ukisema sisi hatuna baiskeli za laki tatu, sikiza hii. Mbio za baiskeli za milimani zilianzishwa na vijana wa California waliokuwa wanaokota baiskeli kuukuu, nzito kama Black Mamba zetu, wanateremka nazo kwenye kilima cha vumbi. Mwaka wa 1976 wakaanza kupimana kwa saa. Mbio waliiita Repack, kwa sababu ukifika chini grisi ya breki ilikuwa imeungua yote, inabidi uipakie upya. Mmoja wa mafundi wa kizazi hicho, Tom Ritchey, alitembelea Rwanda mwaka wa 2005. Akaona wakulima wa kahawa wanasukuma mizigo kwa baiskeli za mbao, na vijana wa teksi za baiskeli wanapanda milima na abiria nyuma. Mwaka uliofuata wakafanya mbio Kibuye, kando ya Ziwa Kivu, zenye nafasi ya baiskeli za mbao na za kazi, si zile za bei peke yake.

Kutoka kwa siku kama hiyo ikazaliwa timu ya Rwanda. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita kwenye mauaji ya kimbari ya 1994, akafika Olimpiki ya London 2012 katika baiskeli za milimani. Na Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Miaka 19 tu, kutoka baiskeli ya mbao hadi Pogačar anapanda vilima vya Kigali na watu wamejaa pande zote.

Sasa turudi Kakuma.

Kambi ilifunguliwa mwaka wa 1992, vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Leo tuko na watu wa zaidi ya nchi 20 hapa. Vipaji havijawahi kuwa shida. Mwaka wa 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki kule Rio ilikuwa na watu kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera. Lakini angalia vizuri: ilibidi kwanza watolewe Kakuma wapelekwe Ngong, kwa kambi ya mazoezi ya Tegla Loroupe.

Olimpiki ya Tokyo ikaja na waendesha baiskeli wawili kwenye timu ya wakimbizi, Masomah Ali Zada wa Afghanistan na Ahmad Wais wa Syria. Masomah alipokuwa Kabul alirushiwa mawe kwa sababu ni msichana juu ya baiskeli. Wote wawili walikuwa wameshapata hifadhi Ulaya, mahali mtu anaamka asubuhi na kuendesha hadi mji wa pili bila kuuliza mtu. Mkimbiaji anaweza kuzunguka uwanja wa shule mara hamsini. Baiskeli inakula kilomita. Inataka barabara ndefu.

Na hapo ndipo tumekwama. Mimi nimekulia Kakuma mjini, niko na kitambulisho. Nikitaka kuendesha hadi Lodwar, napanda tu. Mtu wa rika langu anayeishi kambini, tuliyesoma vitabu sawa na kucheza mpira pamoja, anahitaji karatasi ya ruhusa ya kusafiri ndio avuke kizuizi cha polisi. Sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa mwaka wa 2021, na Mpango wa Shirika ukazinduliwa mwaka wa 2025, zote zikiongea kuhusu kuishi pamoja na kujitegemea. Sawa. Lakini karatasi bado inaulizwa. Tukipanga mbio kesho, mimi nitakimbia kilomita 120 na jirani yangu atanipungia mkono kwa kizuizi. Hiyo si mbio. Ni Asmara ya miaka ya 1930, tofauti ni rangi ya kadi.

Wazazi watasema, na wana haki kusema, kwamba barabara inaua. Malori ya kwenda Sudan Kusini yanapita hapo. Na tunamkumbuka Sule, Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyemaliza wa tatu Tour du Rwanda 2017 na kuwa nahodha wa Team Amani. Alianguka akafariki kwenye mbio Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akiwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto. Siwezi kukuambia huo ni mchezo salama. Naweza kukuambia kwamba Sule alitumia nguvu nyingi kuwafungulia vijana wa Afrika Mashariki njia ya kufika mbio za dunia, na kikwazo alichokutana nacho mara nyingi kilikuwa viza. Karatasi tena.

Kwa hivyo hii ndiyo hoja yangu. Tusianze na ndoto ya Tour de France. Tuanze na mbio moja ya ridhaa, ndogo, kati ya Kakuma na Kalobeyei, ambako wenyeji na wakimbizi wanaweza kuwa pamoja bila kuvuka kizuizi. Tuanze saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakasirika. Kuwe na daraja la Black Mamba, daraja la baiskeli za gia, na daraja la wazazi, ndio mama anayeuza mandazi na baba anayefunga spoku sokoni wakimbie mbele ya watoto wao. Helmeti lazima, ambulensi lazima, na kila mtu abebe tyubu ya pili, maana mwiba wa mathenge hauna huruma.

Tukifanya hivyo mara tatu bila balaa, twende kwa polisi na ofisi ya wakimbizi kama Stallard alivyofanya mwaka wa 1942, na ombi moja: ruhusa ya kundi, siku moja, kwa kila aliyesajiliwa, Kakuma hadi Lodwar na kurudi. Orodha ya majina iko, muda uko, magari ya usalama yako mbele na nyuma. Ni ombi dogo sana kwa serikali inayosema inataka tuishi kama watu wa mji mmoja.

Na wale mtakaojiandikisha mapema, jueni kwamba upepo wa Turkana hupiga kutoka kusini-mashariki. Kwenda Lodwar utakupiga usoni njia yote. Kurudi Kakuma utakusukuma mgongoni, wewe na yule uliyemshinda, wote nyumbani kabla ya giza.