Mng'ao wa Chombo cha Maziwa

Kutoka Kakiika, mjini Mbarara, Uganda, kuelekea Masaka, barabara inapita Biharwe, penye makumbusho ya Igongo. Humo mnaonyeshwa ebyanzi, vyombo vya mti ambavyo Wahima, wafugaji wa Ankole, huwekea maziwa. Ekyanzi kipya huwa kimefifia, mti mkavu uliochongwa tu. Kikishatumika miaka mingi huwa cheusi chenye mng'ao mtulivu usioumiza macho. Hakikupakwa rangi. Huoshwa, hukaushwa, kisha hufukizwa moshi wa nyasi za emburara zilizowashwa katika kijungu cha udongo, moshi unaoyapa maziwa ladha na kuchelewesha kuharibika kwake. Samli na viganja vya wanawake hukamilisha kazi iliyoanzwa na wachongaji, ambao zamani wengi wao walikuwa Wairu, wakulima wa Ankole.

Mwandishi Mjapani Tanizaki Jun'ichirō, katika insha yake ya 1933 ya kusifu vivuli, aliupenda mng'ao wa aina hii. Wazungu, aliona, husugua vyombo vya fedha hadi vimetemete; Wajapani huviacha vifubae. Tena alikiri waziwazi kwamba uzuri huo kwa sehemu ni uchafu wa mikono uliokolea kwa miaka. Hapo Ankole inaachana naye. Kwake mng'ao ni alama ya muda. Kwa Wahima ni alama ya usafi, na chombo kisichofukizwa huanza kunuka. Macho yanaona kitu kimoja, sababu ni mbili, na kila moja ina heshima yake.

Hukohuko Ankole kuna vyombo vingine vya maziwa vya kulinganisha: kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Chombo chao cha maziwa, icyansi, ni ndugu wa ekyanzi, hata kwa jina. Wasomali waliokuja baadaye wanakijua haan, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mimea. Nacho hufukizwa, ila uso wake haurudishi mwanga kama mti. Uzuri wake umo katika msuko. Siku hizi maziwa mengi husafiri katika madumu ya plastiki, ambayo hung'aa dukani na kufifia kadiri yanavyosuguliwa, kinyume kabisa cha ekyanzi.

Kwa hiyo ningependa wanaohifadhi ebyanzi katika makumbusho wavifukize na kuvishika mara kwa mara, maana vumbi likifutwa kwa kitambaa tu, kazi iliyovipa sura hiyo imekoma.