Matibabu ya "bure" hulipwa siku gani? Uzi kutoka Pap Onditi

Wadau, kampeni zikikaribia tunasikia yale yale: huyu anaahidi matibabu ya bure, yule anasema hakuna cha bure duniani. Kabla tutukanane, wacha nieleze tulikotoka. Sitaji mtu wala chama.

Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wa nje. Gharama ikabebwa na kodi. NHIF ikaja 1966. Baadaye Kisumu ikapata hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na hadi leo mzee akisema mgonjwa amepelekwa Russia, hamaanishi Moscow.

Miaka ya 1980 hazina ikakauka, wakopeshaji wa nje wakabana, na Desemba 1989 tukaambiwa tuchangie gharama. Nilikuwa mtoto. Ndugu yangu alishikwa na homa siku tatu kabla ya soko, na mama alikuwa na kuku tu, pesa hana. Tulingoja soko. (Alipona, lakini mama hapendi kuzungumzia hizo siku tatu.)

Si kwetu tu. Kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi ilihesabu wagonjwa wake: katika miezi 9 ya ada, idadi ya wanaume ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali. Ugonjwa haukupungua, waliukaa nao, wakaupeleka nyumbani. Ada ya wagonjwa wa nje ilisitishwa Septemba 1990, ikarudishwa 1992.

Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya. 2013 hizo nazo zikaondolewa. Halafu Desemba 2018 Kisumu ikawa moja ya kaunti 4 za majaribio, hata hospitali kubwa za umma zikawa bila ada. Foleni zikarefuka, wengine wakasema watu wanatumia vibaya. Mimi sikubali. Hao wagonjwa walikuwepo siku zote, ila walikuwa wamelala nyumbani.

Sasa tuko kwa SHIF, tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 hata kabla hajaona pesa. Asiye na mshahara, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini sheria ikataka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600.

Hapo ndipo mjadala unapopotea. Tunabishana kama 300 ni nyingi, na hatuulizi inadaiwa lini. Mkulima wa mtama huku Nyakach anashika pesa wakati wa mavuno. Kijana wa boda anashika kila jioni, kidogo kidogo. Mkate shilingi 10 kwa siku, mwaka ukiisha ametoa 3,650, zaidi ya mnachomdai. Mdai 3,600 Januari, watoto wakiwa wamefukuzwa karo, hana.