Makaburi ya Abbeystrewry

Wafiwa hutuuliza sisi wachungaji swali moja mara kwa mara: ndugu yetu alizama ziwani, hakuonekana, hana kaburi, je, atafufuliwaje? Tukiulizwa hivyo tunakumbuka jeneza moja la Ayalandi.

Lilitumika karibu na mji mdogo wa Skibbereen, jimbo la Cork, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Chini lilikuwa na bawaba. Lilipofikishwa juu ya shimo, kitako kilifunguliwa, maiti akaanguka, kisha jeneza likarudishwa kumchukua mwingine.

Makaburi hayo huitwa Abbeystrewry, nayo yako kando ya mto Ilen. Ni ya zamani kuliko njaa iliyoyafanya yajulikane. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi mviringo, ambavyo kwa wakulima maskini vilikuwa karibu chakula pekee. Mwaka 1846 mavuno yakaoza karibu yote. Nafaka ilikuwapo, tena nyingine ilisafirishwa kwenda Uingereza, ila maskini hawakuwa na fedha ya kuinunua. Homa ikafuata. Hukadiriwa kwamba watu 8,000 hadi 10,000 walizikwa hapo katika mashimo ya pamoja, bila jeneza la kubaki nalo.

Wenyeji husimulia habari za Tom Guerin, mtoto wa miaka mitatu aliyetiwa shimoni mwaka 1848 akidhaniwa amekufa. Koleo lilimvunja miguu, akatoa sauti, akaopolewa. Aliishi hadi utu uzima, kilema.

Tuliposoma mara ya kwanza habari za jeneza lile tulichukizwa, tukaliona ni udanganyifu mbele ya maiti. Siku hizi hatuna hakika hivyo. Huenda aliyelitengeneza alitaka kuokoa mbao tu. Lakini mama aliyefuata nyuma, naye akiwa na njaa, alimwona mwanawe akisindikizwa ndani ya jeneza kama watu wengine, walau hadi ukingoni mwa shimo. (Sisi tunaochangishana hadi kukopa kwa ajili ya jeneza tusiwe wepesi kumcheka.) Baada ya hapo mwana alilala kifuani pa jirani, bila sanda, na ufufuo wa mwili tunaoukiri kila Jumapili unamhusu yeye pia.

Leo mawe ya kumbukumbu yapo. Juu ya mashimo yenyewe ni nyasi tu.