Tuhuma na Ngozi Forodhani O'Hare

Sheria ya Marekani humlinda raia nyumbani kwake kuliko imlindavyo mpakani. Askari atakaye kuingia nyumbani mwa mtu hutakiwa, kwa kawaida, awe na hati ya hakimu. Bali msafiri ashukapo katika ndege itokayo nchi za nje, afisa wa forodha aweza kufungua mizigo yake bila ya kueleza sababu. Mwili ulihesabiwa kuwa na heshima zaidi ya sanduku. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua shauri la mwanamke aliyewasili Los Angeles kutoka Bogotá, akazuiliwa saa 16, na mwisho akaonekana amemeza vifuko 88 vya kokeini. Ilihukumiwa kwamba kuzuiliwa kule kulikuwa halali, maana maafisa walikuwa na tuhuma yenye sababu.

Sababu gani, basi, yatosha? Hapo ndipo mlango wa dhuluma ulipofunguka. Katika miaka ya 1990 Idara ya Forodha ilikuwa na orodha ya dalili 43 za kumtambulisha mlanguzi. Orodha ndefu namna hiyo haimzuii afisa lolote: aliyekwisha kumshuku mtu hakosi dalili moja ya kumbandika. Rangi ya ngozi haikuwa na haja ya kuandikwa.

Katika kiwanja cha ndege cha O'Hare, mjini Chicago, wanawake weusi, raia wa Marekani waliokuwa wakirejea kwao, walitolewa mstarini wakapelekwa kupekuliwa. Wengine walipapaswa juu ya nguo, wengine walivuliwa. Hawakukutwa na kitu. Aibu ya upekuzi wa namna hii ni ile ambayo mtu huificha hata kwa jamaa zake, na kwa hiyo kuitamka mbele ya watu kulihitaji moyo. Wapatao 90 walishitaki, na mwaka 1998 televisheni ya mji huo ikatangaza malalamiko.

Seneta Richard Durbin wa Illinois aliitaka Ofisi Kuu ya Hesabu ya Bunge ilichunguze jambo hili, nayo ikatoa taarifa Machi 2000. Katika miaka ya hesabu ya 1997 na 1998 waliingia nchini kwa ndege abiria wapatao milioni 140, na kati yao 102,000 hivi walipekuliwa maungoni. Mwanamke raia aliye mweusi, baada ya kupapaswa, alielekea kupigwa eksirei mara 9 zaidi ya mweupe katika mwaka wa 1998. Ilhali uwezekano wa kukutwa na magendo haukufikia hata nusu ya ule wa mweupe. Hesabu hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja. Ya kwanza, ikiwa peke yake, yaweza kujibiwa kwa hoja ya siku zote, kwamba afisa huenda palipo na hatari. Ya pili yaivunja hoja hiyo: afisa alitafuta zaidi pasipo na kitu, na palipokuwa na kitu akapita.

Raymond Kelly, mkuu wa Idara tangu 1998, alizipunguza dalili 43 zikawa mafungu 6, miongoni mwake maelezo yanayopingana, taarifa za upelelezi na mbwa wa kunusa. Aliagiza pia kwamba msimamizi aridhie kabla ya mtu kupekuliwa. Upekuzi ulishuka kwa karibu robo tatu, na waliokutwa na magendo wakapanda kutoka chini ya 5 katika kila 100 waliopekuliwa hadi zaidi ya 13. Ajabu ni kwamba Kelly huyo huyo aliongoza polisi wa New York tangu 2002 hadi 2013, na katika mwaka huo wa mwisho hakimu aliamua kwamba jinsi polisi hao walivyosimamisha na kupapasa watu barabarani ilivunja Katiba.

Baada ya Septemba 2001 tuhuma ilihamia kwa wengine: Waarabu, Waislamu, hata Masingasinga kwa sababu ya vilemba vyao, ingawa hao si Waislamu. Idara ya Forodha ilivunjwa mwaka 2003, kazi zake zikahamishiwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Shauri la O'Hare lilimalizwa kwa suluhu mwaka 2006, kwa dola milioni 1.9. Zikigawanywa sawasawa, ni kama dola 21,000 kwa kila mwanamke.