Kuchagua SUV iliyotumika Gatumba: hesabu ya matengenezo na bei ya kuuza tena

GATUMBA, Burundi – Barabara ya RN4 kutoka Bujumbura hadi mpaka wa Kongo ni fupi. Kufika Gatumba ni kilomita 15 hivi, na Kavimvira, lango la kuingilia Uvira, iko kilomita chache mbele. Lakini anayepita hapo na mzigo kila wiki anajua tabia za barabara hii. Tangu mafuriko ya Aprili 2020 maji ya mto na ya Ziwa Tanganyika yameifunika mara kadhaa, na mwaka 2024 ziwa lilipopanda tena, mitumbwi ilipita katika mitaa ya Gatumba. Ukivuka mpaka kuelekea Baraka au Kamanyola, hali haiwi nafuu.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi walioanza na Probox hufika mahali wakataka gari la juu. Makosa huanzia kwenye swali la kwanza wanalomwuliza komisioneri: “bei gani?” Bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine ni pesa itakayoachwa gereji Buyenzi, mafuta, siku ambazo gari litalala bila kazi, na bei ambayo mtu mwingine atakubali kulipa baada ya miaka mitatu.

HESABU YA MIAKA MITATU

Chukua mfano wa magari mawili. La kwanza linauzwa dola 9,000, linahitaji matengenezo ya dola 1,200 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu litauzwa dola 7,000. La pili ni dola 6,000, matengenezo dola 1,800 kwa mwaka, na litauzwa dola 2,500. La kwanza limemgharimu mwenye nalo dola 2,000 za kushuka thamani na dola 3,600 za gereji, jumla 5,600. La pili limemgharimu 3,500 na 5,400, jumla 8,900. Hata ukisema zile dola 3,000 za ziada zilikopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ongeza dola 1,350 tu kwenye gari la kwanza. Bado ndilo rahisi.

Hesabu hii ifanywe kwa dola. Spea zinatoka Dar es Salaam, Dubai na Japani, na hakuna anayeziuza bila kuangalia bei ya dola mtaani. Faranga ya Burundi ilishushwa thamani rasmi Mei 2023, na bei ya mtaani imekuwa mbali sana na ile ya benki. Mtu aliyenunua gari kwa faranga milioni 28 wakati dola ni 3,500 ametoa dola 8,000. Akiliuza kwa milioni 36 dola ikiwa 6,000, amepata dola 6,000. Mtaani atajisifu kuwa gari limempa faida ya milioni nane.

USUKANI UPANDE GANI

Burundi na Kongo huendesha kulia, wakati Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto. Magari mengi yaliyotumika hushuka bandari ya Dar es Salaam yakitoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, kisha hupanda hadi Kabanga na kuingia Burundi kwa Kobero. Yenye usukani wa kushoto hutoka zaidi Ulaya na nchi za Ghuba, ni machache na kwa kawaida bei yake iko juu.

Kwa anayefanya kazi Gatumba, tofauti hii si ya starehe. Kulipita lori la mafuta kwenye RN4 ukiwa umekaa upande wa shimo ni kubahatisha. Zaidi ya hapo, usukani ndio unaoamua mnunuzi wa pili atatoka wapi. Usukani wa kushoto una wateja Kongo na una wateja Bujumbura. Usukani wa kulia una wateja Bujumbura na upande wa mashariki, lakini soko la mashariki lina masharti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Rwanda ilikataza uingizaji wa usukani wa kulia mwaka 2005, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Kwa hiyo RAV4 ya mwaka 2001 ikishaingia Burundi, soko lake ni Burundi na Kongo ya mashariki.

Soko hilo nalo huyumba. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, kisha Uvira Desemba mwaka huohuo, anayetegemea wateja wa ng'ambo ya Rusizi peke yao alikuwa katika hali mbaya. Gari linalotakiwa pande zote mbili ndilo lenye bei hata mpaka ukisimama.

MAFUTA YA JERIKENI NA INJINI YAKE

Hapa ndipo Gatumba inapotofautiana na Nairobi au Arusha, na ushauri wa kule hausaidii sana. Uhaba wa mafuta nchini Burundi umekuwa mkali tangu 2021, na sehemu ya mafuta yanayotumika hutoka Uvira ndani ya jerikeni. Mafuta hayo hubeba vumbi, maji na wakati mwingine mchanganyiko usiojulikana. Injini inayopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa haivumilii uchafu huo.

Toyota hurahisisha kazi ya mnunuzi. Kwenye kibati kilicho chini ya boneti, herufi za mwanzo za namba ya modeli hutaja injini. Prado zinazoanza na KZJ zina injini ya dizeli 1KZ, lita 3.0. Pampu yake ni ya kizamani kuliko zilizofuata na mafundi wengi wanaijua, lakini ikichemka mara moja tu silinda hedi hupasuka. KDJ ni dizeli 1KD, ina nguvu na inakula kidogo, ila nozeli zake ni ghali na mafuta machafu huziua mapema. RZJ na TRJ ni petroli ya lita 2.7, isiyo na mbio wala turbo. GRJ na VZJ ni petroli ya V6, tamu kuendesha, na kwa nchi yenye foleni za mafuta ni mzigo.

Kati ya hizo, TRJ ya miaka ya 2004 hadi 2009 ndiyo yenye hesabu nzuri kwa mfanyabiashara wa hapa. Haina nozeli za dola mia kadhaa, ina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na haikosi mnunuzi kuanzia Bujumbura hadi Bukavu. Ubaya wake ni kiu: kilomita 7 au 8 kwa lita. Anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi atahitaji lita 150, wakati gari la kilomita 11 kwa lita litahitaji lita 109. Lita hizo 41 za tofauti, zikinunuliwa kwa bei ya jerikeni, zinaweza kumaliza faida yote ya kuuza vizuri baadaye. Prado basi ni ya mtu ambaye barabara yake kweli inaitaka: Fizi, Minembwe, milima ya Bujumbura. Anayeishia Uvira anunue kitu chepesi zaidi.

Chepesi hicho kwa wengi ni RAV4, na si RAV4 zote ni ndugu. Za kizazi cha pili (2000 hadi 2005) zilizotoka Japani na namba ya ACA21 zina injini ya lita 2.0 iliyoandikwa D-4 juu ya kifuniko chake. Hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na petroli ya jerikeni huisumbua. Za mwaka huohuo zilizouzwa Ulaya zina lita 2.0 isiyo ya D-4, rahisi kutengeneza. ZCA26 ni ya lita 1.8, huvuta magurudumu mawili tu, na zile za miaka ya mwanzo hupenda kula oili. Kizazi cha tatu (kuanzia mwishoni mwa 2005) kina lita 2.4, lakini zilizotoka Japani, ACA31 na ACA36, zina giaboksi ya CVT, wakati za Dubai kwa kawaida zina otomatiki ya zamani ya gia nne. Kwa hiyo RAV4 ya usukani wa kushoto huwa bora mara mbili: kwa upande wa kukaa na kwa mitambo. Bei ya juu inayotajwa na komisioneri safari hii ina sababu.

Suzuki Escudo, ambayo nje ya Japani huitwa Grand Vitara, haisemwi sana na inastahili. Zile za 2005 na kuendelea nyingi zina gia ya chini ya kuvukia tope, kitu ambacho RAV4 haina. Bei ya kununua huwa chini ya RAV4. Inauzwa polepole kidogo, lakini inauzwa.

Nissan X-Trail ni ya kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza, T30, ni nafuu kwa sababu watu wamechoshwa na sensa zake na ulaji wa oili. T31 nyingi zina CVT inayotaka oili ya aina yake, NS-2. Fundi akimimina oili ya kawaida ya giaboksi, gari limekufa. Pajero yenye maandishi ya GDI iachwe, hata ikitolewa kwa bei ya kutupa. Kuna sababu inatupwa.

Land Cruiser ya bodi ngumu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ndiyo inayoshika bei kuliko zote katika eneo hili, kwani mashirika na wachimbaji Kongo huitafuta daima. Ila mtaji wake ni wa kampuni, na hadithi yake si ya makala hii.

GARI LILILOKUNYWA MAJI

Baada ya kila msimu wa mafuriko magari ya bei nzuri huongezeka sokoni. Mengine yamelala majini siku tatu, yakakaushwa na kupigwa rangi. Kuyatambua hakuhitaji vifaa. Inua zulia la mbele na unuse. Harufu ya tope haitoki kwa sabuni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una mstari wa uchafu. Fungua bolti ya difu ya nyuma: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia misumari ya viti na soketi za waya chini ya dashibodi kama zina kutu ya kijani. Washa kila taa na kila kioo cha umeme, kisha uzime na uwashe tena.

Injini ijaribiwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mteja kufika ana kitu anaficha. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, tazama kama kuna mafuta yanayoelea, halafu iache inguruma bila kifuniko. Mapovu yasiyoisha kwenye dizeli ya KZJ maana yake ni silinda hedi. Kwa injini zenye mkanda wa taimingi, uliza lini ulibadilishwa. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 hadi 150,000 kutegemea injini, na kama hakuna jibu, toa gharama yake kwenye bei.

Kilomita za kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Gari la Japani linapofutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa hupewa cheti ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wake wa kisheria. Kama liliuzwa mnadani, kuna karatasi ya mnada yenye daraja. Herufi R au RA maana yake liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji akisema karatasi zimepotea njiani Kobero, bei nayo ishuke.

KARATASI ZA MPAKA

Gari zuri lenye karatasi mbovu ni hasara kuliko gari bovu. Mtego wa kawaida Gatumba ni gari la namba za Kongo linalouzwa upande wa Burundi “kwa bei ya kirafiki”. Urafiki huo ni ushuru ambao haujalipwa. Burundi hutumia ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, asilimia 25 kwa gari lililokamilika, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, bila kutaja tozo nyingine. Mnunuzi ndiye atakayedaiwa na OBR siku ya kusajili, au siku gari litakapokamatwa. Hali ni hiyohiyo kwa gari la Burundi linalopelekwa Uvira bila kupita kwa DGDA. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halijafuta karatasi za forodha.

Kabla ya kutoa pesa, namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe na ilinganishwe na kadi ya gari na hati ya forodha, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la muuzaji, na kama si lake, mwenye jina afike au pawe na hati ya uwakilishi. Kwa anayevuka mipaka, Kadi ya Njano ya COMESA inahitajika juu ya bima ya nyumbani. Inakubalika Burundi, Kongo, na pia Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA.

Malipo yafanywe nusu siku ya makubaliano na nusu siku kadi mpya inapotoka. Komisioneri alipwe siku hiyo ya pili.